TUMBO JOTO: SOMO KUHUSU WASIWASI, USUHUBA NA AFYA YA AKILI YA KIJANA

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na tumeitia katika insha nyingi sana, lakini ni wachache wanaoikumbuka mwenzao anaposema, "Leo siendi shule, moyo unanienda mbio." Hapo utasikia majibu ya kila aina. "Anajifanya huyo!" "Hajasoma, anaogopa mtihani tu." "Hayo ni maringo." Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba mara nyingi si maringo wala uvivu. Ni wasiwasi, na wasiwasi una sababu, una dalili na una njia ya kuutuliza.

Katika muhula wa pili chama chetu cha Kiswahili kilimwalika mgeni, mama mmoja ambaye ni mshauri nasaha hapa Nakuru. Aliomba jina lake lisiandikwe gazetini. Sisi tulimwita mwalimu, naye akatuita wanangu, na maswali yakawa mengi hata kengele ya kwenda nyumbani ikalia hatujamaliza. Mengi nitakayoeleza yalitoka kwake, na mengine nimeyapata katika vitabu na magazeti.

1. MAANA YA WASIWASI

Neno wasiwasi lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni kunong'ona. Hii ni maana nzuri ya kukumbuka. Wasiwasi ni mnong'ono ndani ya mtu unaomwambia, "Je, ukianguka? Je, wakikucheka? Je, baba asiporudi?" Jambo lenyewe halijatokea, lakini mwili tayari unaishi kana kwamba limetokea.

Watu wengi huchanganya maneno yafuatayo, kwa hivyo tuyatenganishe:

(a) Hofu ni kuogopa kitu kilicho mbele yako sasa. Ukikutana na nyati karibu na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru, hiyo ni hofu, na ni halali yako kukimbia.

(b) Wasiwasi ni kuogopa kitu ambacho huenda kikaja, au kisije kabisa.

(c) Msongo wa mawazo ni mzigo wa mambo mengi kwa wakati mmoja, kama vile karo, mtihani na kazi za nyumbani.

(d) Sonona ni huzuni nzito isiyoondoka kwa majuma, mpaka mtu anakosa hamu ya chakula, ya mchezo na hata ya marafiki.

(e) Kiwewe ni jeraha la moyo linalobaki baada ya jambo la kutisha, hata kama mwili umepona.

Mtu anaweza kuwa na mojawapo au kadhaa kwa pamoja. Tena si watu wachache. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo fulani la afya ya akili. Hebu piga hesabu. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni kama saba. Saba! Sasa tazama darasa lenu na ujiulize kama unawajua.

2. KISWAHILI KILIJUA ZAMANI

Jambo lililonifurahisha mimi kama mpenzi wa lugha ni kwamba Kiswahili kimeueleza wasiwasi kwa kutumia viungo vya mwili. Magazeti huandika kila mwaka kwamba watahiniwa wako "tumbo joto" matokeo yanapokaribia. Tunasema mtu ana "roho mkononi", au "kijasho chembamba kilimtoka", au "moyo ulimdunda". Tuna hata neno jakamoyo. Je, misemo hii ni mapambo tu ya insha? La hasha. Ni maelezo ya kweli ya mambo yanayotokea mwilini.

Mgeni wetu alieleza hivi. Ubongo unapodhani kuna hatari, hutuma habari kwa tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni iitwayo adrenali. Moyo hupiga haraka ili damu ifike miguuni na mikononi, maana mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Pumzi huwa fupi fupi. Jasho hutoka ili kuupoza mwili. Damu hupungua tumboni kwa sababu huo si wakati wa kusaga chakula, na ndiyo maana tumbo huuma, hunguruma au kutaka kuendesha. Hilo ndilo tumbo joto lenyewe!

Kwa hivyo mwanafunzi anayesema tumbo linamuuma asubuhi ya mtihani huenda hasemi uongo hata kidogo. Linauma kweli. Tatizo ni kwamba mwili haujui tofauti kati ya nyati na karatasi ya Hisabati.

"Wanangu," alisema mgeni, "wasiwasi ni kama kengele ya shule. Kengele ikilia hamuipigi mawe. Mnauliza, ni ya nini?"

Wasiwasi kidogo una faida. Ndio unaokufanya usome kabla ya mtihani na uangalie kushoto na kulia kabla ya kuvuka barabara kuu ya kwenda Eldoret. Huwa ugonjwa pale kengele inapolia mchana kutwa bila sababu. Mgeni alitupa maswali matatu ya kujipima:

(i) Je, umedumu kwa majuma mengi, karibu kila siku?
(ii) Je, ni mkubwa kuliko jambo lenyewe?
(iii) Je, umekuzuia kufanya mambo ya kawaida kama kulala, kula, kusoma au kukaa na watu?

Ukijibu ndiyo kwa yote matatu, usingoje mpaka uzidiwe. Tafuta msaada.

3. KISA CHA MSOMAJI ALIYENYAMAZA

Mgeni alitupa kisa cha msichana mmoja wa kidato cha pili. Alibadilisha mambo kadhaa ili mtu yeyote asitambulike, nami nakieleza vile alivyokieleza.

Msichana huyu alikuwa hodari darasani. Siku moja aliambiwa asome kifungu cha ufahamu kwa sauti. Alipofika kwa neno lenye "r" alilitamka kwa "l", kama wengi wetu tunavyofanya kwa sababu ya lugha ya mama. Darasa zima likacheka. "Ameshrub! Ameshrub!" Kuanzia siku ile wakampa jina la utani.

Juma lililofuata aliomba ruhusa kwenda msalani kipindi cha Kiswahili kilipoanza. Alipotoka nje, moyo ukatulia, naye akahisi afadhali. Juma la tatu akaanza kukosa shule siku zile zenye kipindi cha kusoma. Kisha akaanza kuogopa hata gwaride. Nyumbani alisema anaumwa na tumbo, na mama yake, maskini, akampeleka zahanati. Akapewa dawa ya homa ya matumbo. Haikusaidia. Akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Haikusaidia vilevile, na pesa za mama zikaenda bure. Mwisho wa muhula alikuwa amekosa siku 19, na mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu.

Hapa kuna funzo kubwa, na ningependa msomaji alishike. Kila mara alipokimbia, alipata nafuu ya dakika kumi, lakini wasiwasi ulikua. Kwa nini? Kwa sababu ubongo wake ulijifunza hivi: "Nilitoka nje, nikapona. Kumbe darasa ni hatari kweli." Kukimbia ndiko kulikokuwa kunailisha ile kengele. Wasiwasi ni kama mbwa wa jirani. Ukimkimbia, anakufukuza.

Alisaidiwaje? Si kwa kuambiwa, "Jikaze!" Alipelekwa kwa mshauri, na pamoja wakatengeneza ngazi. Hatua ya kwanza, asome peke yake chumbani kwa sauti. Ya pili, amsomee mdogo wake. Ya tatu, amsomee rafiki mmoja wakati wa chakula cha mchana. Ya nne, asome katika kikundi cha watu watano. Ya tano, asome sentensi mbili tu mbele ya darasa, na mwalimu alikuwa ameambiwa mapema. Kila hatua alirudia mpaka moyo ukapungua kudunda ndipo akapanda nyingine. Ilichukua muhula mzima.

"Je, sasa hana wasiwasi kabisa?" mwanachama mmoja aliuliza.

"Anao," akajibu mgeni. "Kijasho bado humtoka. Lakini anasoma."

4. WASIWASI NA WATU WANAOTUZUNGUKA

Mgeni alituambia kwamba vijana wengi wanaokuja ofisini kwake huanza kwa kusema "mtihani", lakini ukikaa nao nusu saa unakuta ni mtu. Ni baba, ni rafiki au ni mpenzi. Usuhuba unaweza kuutuliza wasiwasi na unaweza kuuwasha moto.

(a) Nyumbani

Sisi wa shule ya kutwa tuna hali yetu. Mwenzetu wa bweni akifunga geti, mambo ya nyumbani hubaki nyuma mpaka likizo. Sisi tunabeba ya nyumbani asubuhi tukija shuleni, na jioni tunarudi nayo. Ikiwa wazazi waligombana usiku chumba kikiwa kimoja, kule Kaptembwa au Rhonda au Free Area, wewe ulisikia kila neno, na saa moja asubuhi unatarajiwa kujua mzizi wa ngeli. Ikiwa mama anafanya kibarua na leo hakuitwa, wewe ndiwe unayejua kwamba jioni kutakuwa na chai ya rangi.

Lakini shule ya kutwa ina faida pia, kwa sababu tunawaona wazee wetu kila siku. Tatizo ni kwamba wengi hatujui tuanzie wapi. Mgeni alitufundisha namna ya kuanza: chagua wakati mzazi hana haraka, sema jambo moja tu, na useme unahisi nini badala ya kulaumu. Alitoa mfano kama huu:

"Mama, kuna jambo ninataka kukuambia, lakini ninaomba unisikilize kwanza mpaka nimalize."

"Haya, sema mwanangu. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Mama. Ni kwamba usiku silali. Nikifikiria mtihani moyo unanienda mbio mpaka ninashindwa kupumua vizuri. Imekuwa hivyo tangu mwezi uliopita."

Angalieni, hakuna mahali aliposema, "Nyinyi ndio mnanisumbua." Mzazi akilaumiwa hujitetea. Akiombwa kusikiliza, mara nyingi husikiliza. Ikiwa mama au baba hawezi, kuna shangazi, mjomba, nyanya au babu. Katika mila zetu nyingi kulikuwa na mambo kijana hakuyasema kwa mzazi, bali aliyapeleka kwa nyanya. Huo ulikuwa ushauri nasaha kabla neno lenyewe halijakuja.

(b) Marafiki

Kati ya vitu vinavyouwasha wasiwasi haraka ni kutengwa. Zamani mtu alitengwa uwanjani tu, na akifika nyumbani anapumzika. Siku hizi unaondolewa kwenye kikundi cha WhatsApp saa tatu usiku, na unakesha ukijiuliza umekosa nini. Au umetuma ujumbe, umesomwa, hukujibiwa. Mgeni alisema jambo la maana: mnong'ono wa wasiwasi hupenda kujaza nafasi iliyo wazi. Mtu asipojibu, mnong'ono unasema, "Anakuchukia." Kumbe simu ya mwenzako imeishiwa na moto, au ni ya mama yake na imerudishwa kwa mwenyewe. Kabla hujaamini mnong'ono, jiulize: nina ushahidi gani? Kuna maelezo mengine? Na rafiki yangu angekuwa na wazo hili, ningemwambia nini?

Hapa ningependa kusema na chama chetu pia. Sisi tunaopenda Kiswahili ndio wa kwanza kucheka mtu anapokosea matamshi au ngeli. Yule msichana wa kisa alinyamazishwa katika kipindi cha Kiswahili, si cha Fizikia. Lugha hii ilienezwa na wafanyabiashara, mafundi, wanajeshi na wasafiri ambao wengi hawakuzaliwa nayo. Anayekosea arekebishwe kwa upole, tena ikiwezekana pembeni.

(c) Mapenzi

Najua walimu watasoma, lakini mgeni alisema tusijifanye jambo hili halipo. Usuhuba kati ya mvulana na msichana unaweza kuwa wa heshima na wa kusaidiana. Lakini kuna dalili kwamba umekuwa chanzo cha wasiwasi: mwenzako anataka kukagua simu yako, anakukataza marafiki, anadai uthibitisho wa mapenzi kwa mambo usiyoyataka, kila ukimwona unapima kwanza kama amekasirika. Ikiwa roho iko mkononi kila siku, hayo si mapenzi.

Msichana mmoja aliuliza swali ambalo lilinyamazisha chumba kizima. "Mwalimu, na akikuambia ukimwacha atajiua?"

Mgeni alijibu polepole. "Mwanangu, mambo mawili. La kwanza, usikae na mtu kwa sababu ya kuogopa. Wewe ni mwanafunzi, huwezi kuwa dawa ya mtu mwingine. La pili, maneno hayo usiyachukulie kama mzaha, na usiyafiche. Siku hiyohiyo mwambie mtu mzima unayemwamini, hata kama aliyesema alikuapisha usiseme. Afadhali akukasirikie akiwa hai."

(d) Na wavulana je?

Mvulana mmoja aliuliza: "Mwanamume akisema ana wasiwasi si ataonekana dhaifu?" Wavulana wengi wa huku kwetu hupita jandoni wakimaliza shule ya msingi, na baada ya hapo huambiwa kwamba mwanamume halii. Mgeni alisema jandoni mtu hufundishwa ujasiri, na ujasiri si kukosa hofu. Ni kufanya linalopasa ilhali unaogopa. Kusema "ninahitaji msaada" mbele ya mtu mwingine kunahitaji ujasiri huohuo. Asiyesema huishia kwenye pombe, bangi au ngumi. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

5. MAJERAHA YA ENEO LETU

Wasiwasi mwingine una mizizi mirefu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya. Mwezi wa Januari 2008 vita vilifika Nakuru na Naivasha, na maelfu ya watu waliohamishwa makwao waliishi kwa mahema katika uwanja wa maonyesho hapa Nakuru. Sisi wa kidato cha tatu hatukuwa tumezaliwa au ndio tulikuwa njiani. Lakini wazazi wetu walikuwepo. Kuna mzazi ambaye kila uchaguzi ukikaribia hununua unga wa ziada, hafungui duka mapema, na hukasirika kwa jambo dogo. Mtoto anaona tu ukali, hajui kuna kiwewe nyuma yake.

Kisha kuna wenzetu waliopatwa wenyewe. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel kule Solai lilipasuka, na zaidi ya watu 40 wakafa. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalishuka tena usiku huko Mai Mahiu na kuangamiza makumi ya watu. Mtoto aliyeokoka mambo kama haya anaweza kuketi darasani vizuri mpaka mvua ianze kupiga mabati. Hapo anatetemeka. Asiyejua hucheka. Anayejua husogea karibu naye na kukaa.

6. MSHAURI HUFANYA NINI?

Wengi wetu hudhani kwamba kwenda kwa mshauri ni kwenda kukaripiwa, au kwamba ni wa wendawazimu. Si hivyo. Mshauri husikiliza, huuliza, na humsaidia mtu kuona mawazo yake na kupanga hatua ndogo. Hampigii kura nani ana makosa. Nchini Kenya kuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014, na mshauri wa kweli huwa amesajiliwa.

Je, atasema siri zako? Mgeni alieleza waziwazi: yanayosemwa hubaki mle chumbani, isipokuwa kama uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, au kama mtoto anadhulumiwa. Hapo lazima atafute msaada, na atakuambia kwanza.

Lakini washauri ni wachache na wanafunzi ni wengi. Afrika imejaribu njia zake. Mwaka wa 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alianza na nyanya 14 ambao walifunzwa kusikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Washona wana neno lao kufungisisa, yaani kufikiria kupita kiasi, na nyanya walilitumia hilo badala ya maneno ya hospitali. Benchi hizo zimefika hata Zanzibar.

Hapa Kenya, Taasisi ya Shamiri ilitumia vijana waliokuwa wamemaliza shule ya upili si zamani. Walifunzwa kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi, mara nne, saa moja kwa juma. Walizungumza kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo ambayo mtu anayathamini. Utafiti wao katika shule za Nairobi na Kiambu ulihusu wanafunzi 413 wenye dalili za wasiwasi au sonona, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021. Waliohudhuria vikundi hivyo walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Kumbe si lazima uwe daktari ili umsaidie mwenzako. Ni lazima tu ujue kusikiliza na ujue mwisho wa uwezo wako.

7. MAMBO YA KUFANYA

Ukiwa na wasiwasi:

1. Utaje kwa jina. Sema, "Huu ni wasiwasi, si kifo." Moyo ukienda mbio ghafla, kwa kawaida hufika kileleni katika dakika kama kumi, kisha hushuka.
2. Vuta pumzi polepole ukihesabu mpaka nne, kisha uitoe polepole zaidi ukihesabu mpaka sita. Rudia kwa dakika chache. Pumzi ndefu ya kutoka huuambia mwili kwamba hatari imepita.
3. Lala. Kijana wa umri wetu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Simu isilale chini ya mto.
4. Tembea au cheza. Ile adrenali ilikusudiwa miguu.
5. Usikimbie jambo lenyewe. Jitengenezee ngazi, uanze na hatua iliyo rahisi.
6. Mwambie mtu mmoja.

Ukiwa na rafiki mwenye wasiwasi, usiseme, "Jikaze," "Hiyo si kitu," au "Wengine wana shida kubwa kuliko zako." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sema, "Nimekuona siku hizi umenyamaza. Niko hapa." Kisha nyamaza nawe, umsikilize.

8. NENO ZITO

Wasiwasi na sonona vikiachwa, kuna wanaofikia kuona kwamba heri kufa. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na angeweza kufungwa. Watu waliogopa kusema, na familia zikaficha. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Maana yake ni kwamba mtu kama huyo anahitaji matibabu, si pingu. Kwa hivyo sababu moja kubwa ya kunyamaza imepungua.

Ikiwa wewe au mwenzako ana mawazo hayo, usimwache peke yake. Mwite mwalimu au mzazi. Simu ya 116 ya Childline Kenya haina malipo, na Shirika la Msalaba Mwekundu lina 1199, bila malipo pia. Hospitali ya Rufaa ya Nakuru, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH, ina madaktari wa afya ya akili. Kwenda huko ni kama kwenda kwa jino au macho.

9. TAMATI

Wasomaji wapenzi, ikiwa mtasahau mengine yote, kumbukeni mambo mawili: wasiwasi hunenepa kwa kukimbiwa, na hunenepa kwa kunyamaziwa. Kesho asubuhi huenda kuna mmoja katika wale saba anayepanda matatu pale Pipeline au anayetembea kutoka Lanet, tumbo likiwa joto. Akiomba kusoma sentensi mbili tu, mwacheni azisome.

MSAMIATI

Jakamoyo – fadhaa, kukosa utulivu moyoni.
Kanda la usufi – mfuko wa pamba nyepesi ya msufi.
Kiwewe – fadhaa inayobaki baada ya jambo la kutisha.
Usuhuba – urafiki, uhusiano wa karibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja misemo mingine mitatu ya Kiswahili inayotumia viungo vya mwili kueleza hofu au wasiwasi. Ni nini hutokea mwilini katika kila mmoja?
2. Kwa nini kutoka nje ya darasa kulimdhuru msichana wa kisa ingawa alihisi afadhali?
3. Mshauri anaruhusiwa wakati gani kumwambia mtu mwingine siri yako? Je, wewe unakubaliana naye?
4. Andika mazungumzo kati ya mvulana na babu yake, mvulana akieleza kwamba halali usiku.